Mume Anayerudi Nyumbani Msafi

Mume wangu alianza kurudi nyumbani akiwa msafi, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Mtu wa mbali ataona hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Mtu wa Kolwezi atanielewa. Mwanaume wa depo ya mawe harudi msafi. Wangu alikuwa karani katika depo moja ya kununua mawe ya shaba na kobalti, kando ya barabara ya kutokea mjini. Wachimbaji wanaleta mifuko, yeye anaandika uzito, kisha anavunja mawe machache kwa nyundo na kuyasaga ili mashine iyapime. Kazi ya kalamu, walituambia wakati wa posa. Kalamu hiyo ilikuwa inamrudisha mweusi mpaka kwenye kope, na unga wa kijani ndani ya masikio. Kabla ya mtoto nilikuwa namwekea maji uani, anaketi kwenye kigoda, mimi namsugua mgongo, naye ananisimulia mambo ya depo: nani amepigana na mtu wa mizani, nani ameficha mchanga katikati ya mfuko. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Mtu akiniuliza ndoa yetu ilikuwa na nini, nitamwambia ilikuwa na ile ndoo ya maji.

Mtoto alizaliwa mvua zilipoanza. Wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeungana. Muuguzi alisema haitamzuia kutembea. Mama yangu, kwa simu, alisema ni alama ya mtoto atakayekuwa mtu wa maana. Mume wangu aliugusa ule mguu kwa ncha ya kidole kimoja, akautazama muda mrefu, akatoka nje. Nilidhani amekwenda kuniletea chai. Alirudi baadaye bila chai, macho mekundu, akasimama karibu na dirisha.

Nikajisemea: huyu anafikiri mtoto si wake.

Hiyo ilikuwa shaka ya kwanza, na mimi ni mtu ambaye shaka ikibisha hodi naiwekea kiti. Wiki iliyofuata akaanza kurudi msafi. Uso unang'aa, shingo inang'aa, na mwili wote unanuka sabuni ya papai, ile wanawake wanayoitumia kung'arisha uso. Nyumbani kwetu tulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, tukioga nayo na kuoshea vyombo. Papai halikuwa letu.

Halafu nguo. Asubuhi anatoka na shati la nyumbani, jioni anarudi na shati lile lile la nyumbani. Salopeti yake, ile ovaroli ya kazi ambayo nilikuwa nimeifua kwa mikono tangu tulipooana, ilitoweka. Nikamuuliza.

"Salopeti iko wapi?"

"Ku depo."

"Nani anaifulaka?"

"Inafuliwaka tu."

Inafuliwaka tu! Nguo ya Kolwezi inayojifua yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wakubwa, na mimi hata nguo yenyewe nilikuwa nimenyimwa.

Tulikuwa tunakaa Dilala, katika vyumba viwili vya nyuma ya nyumba ya zamani ya kampuni, na mbele walikaa wenye nyumba na redio yao. Umeme ulikuja ulipotaka. Maji yalitoka bombani alfajiri, kwa hiyo alfajiri nilikuwa bombani na mtoto mgongoni. Mchana wakilipua miamba kule mgodini madirisha yalitikisika, mtoto akashtuka, akalia, na nikimtuliza ananyamaza kidogo tu kisha anaanza upya. Kabla ya kujifungua nilikuwa nashona nguo za wanawake wa kwaya. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa, juu yake kuna nepi. Nilipika bukari, ugali wetu, nikala peke yangu, nikafunika ya mume. Kuna siku mtoto alilia, mimi nikalia, wenye nyumba wakaongeza sauti ya redio.

Naye alikuwa anarudi, msafi, anasimama mlangoni pa chumba. "Analala?" "Analala." "Alinyonya?" "Alinyonya." Alikuwa anamsalimia mtoto wake kutoka mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Kisha anatandika mkeka sebuleni, eti asimwamshe. Nilikuwa nasikia anavyogeuka kwenye ule mkeka. Ukuta kati yetu ulikuwa wa tofali moja, na sikuwa nimewahi kuwa mbali na mtu kiasi hicho.

Ningeweza kuvumilia sabuni. Ningeweza kuvumilia hata salopeti. Lililonivunja ni kwamba hakumbeba mtoto. Wiki ya kwanza nilisema anaogopa, wanaume wengi wanaogopa shingo ya mtoto mchanga. Mwezi wa pili shingo ikakaza. Mwezi wa tatu mtoto akaanza kucheka. Hakumbeba. Nikimsogeza, anapata kazi ghafla: mlango unahitaji msumari, kaka yake amempigia simu.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga, upande wa Kamina. Kwetu, baba aliyekwenda kwa mwanamke mwingine wakati mtoto ananyonya hambebi huyo mtoto. Akimbeba na mwili ule, mtoto anakonda, anakohoa, na anaweza kufa. Kila mwanaume wa kwetu anajua hilo tangu utotoni. Ataongopa kwa mke, ataongopa kwa padri, lakini hatamgusa mtoto, maana hata mwongo ana huruma na damu yake. Ndiyo sababu wanawake wa kwetu hawana haja ya kupekua simu. Wanatazama tu mikono ya baba. Mikono isiyobeba imeshakiri.

Mume wangu yeye ni mtu wa upande wa Sandoa. Kwao wana makatazo yao. Sikuwahi kujiuliza kama hili letu analijua. Kwangu lilikuwa wazi kama jua: kama mimi ninalijua, nani halijui?

Simu niliipekua hata hivyo, nisiwe mnafiki. Ilikuwa na uzito wa mifuko, picha za mawe na matangazo ya parokia. Simu safi, mwili safi, nguo hazionekani. Mwanaume msafi kiasi hicho ana jambo. Jumapili, baada ya misa, nilianza kukumbatia wanawake wa kwaya mmoja mmoja na kuvuta pumzi. Watatu walinukia papai. Mmoja, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alinukia papai na pia alimuuliza mume wangu kama kikohozi kimepona. Alijuaje kama ana kikohozi? Wiki nzima nilikuwa namzungumzisha huyo mwanamke kichwani mwangu, na kila mara nilimshinda.

Mara moja nilimuuliza mume wangu moja kwa moja. Alikuwa anakula.

"Uko na mwanamuke?"

Aliacha tonge. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Na wakati gani?"

Mtu asiye na kosa husema hapana. Huyu alisema hana wakati. Nililibeba jibu hilo siku tatu, kisha nikampigia mama.

"Anamubebaka mutoto?" Hilo ndilo swali la kwanza alilouliza.

"Hapana, mamu."

"Ata siku moja?"

"Ata siku moja."

Nikamsikia anaita mtu amfungie kuku wake. "Mi nakuya," akasema.

Alishuka gari moshi lililochelewa siku mbili, na kifurushi cha samaki wakavu na hasira ambayo safari haikuipunguza. Mama hakuja kuuliza, alikuja kuhakikisha. Tatizo lilikuwa bukwe. Kwetu mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapitani mlangoni. Kwa hiyo mama alikaa jikoni, nyuma ya pazia, na mume wangu alipoingia alimsalimia akiwa ameinamisha kichwa, akitazama ndoo. Mpelelezi gani anafanya kazi bila kumtazama mshukiwa? Mama alikuwa na njia yake.

"Kesho akiingia tu, umupatie mutoto mu mikono," aliniambia. "Usimuulize. Umupatie. Mi niko hapa nyuma. Mwenye hana kitu atamupokea. Mwenye iko na kitu, utaona mwenyewe."

Kesho yake nilisimama nyuma ya mlango na mtoto aliyeoshwa, aliyepakwa mafuta, aliyevalishwa kofia. Nitasema kweli: nilikuwa naomba ampokee. Nilikuwa tayari kuonekana mjinga mbele ya mama, nicheke, nilie, tupike kuku. Mlango ukafunguliwa, papai likaingia, nikanyoosha mikono na mtoto.

Akaruka nyuma. Sitasema alirudi hatua moja, maana aliruka mpaka mgongo ukagonga fremu ya mlango, mikono juu, vidole vimeachana. Mtoto alikuwa anacheka.

"Hapana! Hapana. Si sasa. Umushike mwenyewe."

Nyuma ya pazia mama alipiga makofi mara moja, kavu. Mume wangu alitazama pazia, akanitazama mimi, akatoka tena nje na kukaa kwenye tofali za mwenye nyumba mpaka giza likaingia. Nadhani alifikiri amemkosea mama heshima ya bukwe. Mimi nilifikiri amekiri.

Mama alipiga simu usiku huo huo kwa kaka mkubwa wa mume wangu, kule Sandoa. Kwa desturi alipaswa kumtuma mzee wa upande wetu, lakini mama na subira hawajawahi kujuana. "Ndugu yako anakatala mutoto," akasema. "Anakuyaka na harufu ya mwanamuke. Posho nitabeba binti yangu na mujukuu wangu. Mukuje kuongea kwetu." Posho ni Jumamosi. Siku ilikuwa Jumatano. Neno lilishatoka, na neno la namna hiyo mbele ya ukoo ni kama ndoo iliyomwagika. Nilikunja nguo za mtoto nikaziweka kwenye sanduku, na mikono yangu ilikuwa inafanya haraka kuliko kichwa.

Lakini kuna jambo lililonikera kuliko yote: nilikuwa naachwa kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Nilitaka kumwona huyo mwanamke. Nilitaka niende Kamina nikiwa na uso wa kumchukia, maana kuchukia harufu tu kunachosha. Ijumaa nikamwambia mama nakwenda kumpeleka mtoto kupimwa uzito, nikafunga vitenge viwili, kimoja cha mtoto na kimoja cha vita, nikavaa ndala ambazo zinavulika haraka mtu akihitaji kupigwa, nikasimamisha pikipiki ya taxi-moto.

Tulisimama ng'ambo ya depo, chini ya kibanda cha kuuza maji. Malori yalipita, vumbi likatanda, nikamfunika mtoto uso. Alipotoka alikuwa yeye wa zamani, mweusi mpaka kwenye kope, na nilihisi kitu kifuani ambacho sikukitaka. Nilikuwa nimemkumbuka yule mchafu wangu. Alikuwa na furushi kwapani. Akatembea haraka, akakata njia nyuma ya depo, akaingia katika ua wa mabati.

"Mamu, nikungoje?" mwenye taxi-moto akauliza. Alikuwa ameona ndala.

"Ungoje. Nitatoka mbio."

Nikasukuma bati.

Ndani kulikuwa na wanaume kumi na wawili hivi. Wamejifunga mataulo, wamejifunga vitenge vya wake zao, mmoja amejifunga gunia. Walikuwa wamepanga foleni mbele ya mapipa ya maji, kila mmoja na kopo lake. Wengine walikuwa wanasuguana migongo. Juu ya waya zilianikwa salopeti, nyingi, zikichuruzika maji ya kijivu. Na katikati, juu ya kiti cha plastiki, amekaa bibi kizee mwenye katoni ya sabuni ya papai magotini, anawakaripia.

"Ku masikio! Ku masikio, mi naona!" Kisha akaniona. "We mama, huku ni bwanaume. Unatafuta nani?"

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu Dilala yalinitoka bila breki. "Natafuta mwanamuke mwenye anaoshaka bwana yangu!"

Foleni yote ikanigeukia. Bibi akaniangalia kuanzia ndala mpaka kichwani.

"Ni miye," akasema. "Bwana yako ni gani? Chagula."

Wakacheka, wale wanaume, wanashikilia mataulo yao. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa nukta moja bado nilimshuku. Nilimtazama yule bibi asiye na meno ya mbele nikijiuliza kama ana binti.

Mume wangu alitoka nyuma ya pipa la mwisho, povu kichwani. Hakuuliza nimejuaje. Hakuuliza ndala za nini. Alipaza sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu tuoane.

"Unaleta mutoto huku? Mu hii vumbi? Umutoshe! Umutoe huku!"

Bibi akainuka, akanishika mkono, akanitoa nje ya ua. Alinikalisha upande ambao upepo haukuelekea. Aliniambia kazi hii ya kuogesha alianza na mkwe wake mwenyewe, baada ya mjukuu kuzaliwa hana nguvu. Wakaja wengine. Wote wana watoto wadogo au wake wenye mimba. "Hapa hakuna mwanamuke, mama," akasema. "Hapa kuna woga tu."

Tulirudi kwa miguu. Yeye alitembea upande mmoja wa barabara, mimi na mtoto upande wa pili, na kila gari likipita tunangoja lipite ndipo tuendelee kuongea. Aliongea akitazama mbele.

"Siku mutoto alizaliwaka, ku maternite, ule muuguzi aliniuliza kazi yangu ni nini. Nikamwambia. Akauliza, manguo ya kazi nani anafulaka? Nikasema, muke yangu. Akauliza, ata na mimba?"

Lori likapita.

"Ulimujibu nini?"

"Nilinyamaza. Akaniambia nisilete tena ile vumbi mu nyumba. Basi. Njo nikaingia kuona mutoto. Njo nikaona vidole."

"Juu ya nini hukuniambia?"

Alisimama. Alikuwa na povu lililokauka nyuma ya sikio. "Ningekwambia nini? Eti miezi tisa ulikuwa unafula ile kitu na mikono yako, na tumbo? Ungelala?"

Nilitazama mikono yangu juu ya mafundo ya kitenge. Nilikumbuka yale maji, meusi mara ya kwanza, kijani mara ya pili, na mimi nimeinama juu ya beseni, tumbo limegusa ukingo, naimba. Nilikuwa naimba! Nilijivunia salopeti yake kuliko mke yeyote wa Dilala. Hakuna aliyetuambia kwa uhakika, mpaka leo, kama vidole vile vilitoka kwenye beseni au vilitoka kwa Mungu tu. Daktari mmoja alisema inawezekana, mwingine alisema watoto huzaliwa hivyo hata mahali pasipo na jiwe. Lakini siku ile, barabarani, niliona sina mahali pa kuiweka lawama isipokuwa juu yangu, na nilielewa kwa nini yeye aliibeba peke yake miezi yote ile. Nilimkasirikia pia. Nilimkasirikia sana. Alikuwa ameniacha nimchukie ili nisijichukie, bila kuniuliza ningechagua lipi.

"Na hata ukishanawa?" nikauliza. "Unanawa kila siku. Juu ya nini humubebi?"

Akanionyesha kucha. Kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba, chini ya kila moja. "Haitokake yote," akasema. "Mi nasugua. Haitokake."

"Kwetu, baba asiyebeba mutoto ni mwenye alienda inje."

Alinitazama kama nimesema Kichina. "Inje wapi?"

Kumbe hakujua. Miezi mitano alikuwa anakiri kila jioni katika lugha ambayo hakuijua, na mimi nilikuwa naandika kila neno.

Nyumbani mama alikuwa ameshafunga mifuko. Nilimweleza kila kitu huku mume wangu amekaa nje, kwa ajili ya bukwe. Nilidhani atafurahi, au ataona aibu. Mama alikaa juu ya mfuko wa samaki, akamchukua mjukuu wake, akamvua soksi ya mguu wa kushoto, akamvalisha tena.

"Afazali ingekuwa mwanamuke," akasema. "Mwanamuke tungemufukuza. Vumbi tutaifukuza wapi?"

Jumamosi alipanda gari moshi peke yake. Kabla ya kuondoka alipita mlangoni akiwa amejifunika uso, akasimama mbele ya mkwe wake mgongo ukiwa umemgeukia, akasema, "Tata, baba yangu, unisamehe." Kwa mtu wa kwetu, hilo ni jambo zito kuliko kupiga magoti. Kaka wa mume wangu kule Sandoa alisema bado anataka kuku na maneno ya msamaha mbele ya watu, kwa sababu jina la ndugu yake lilishatembea kijijini. Tukasema sawa. Ni haki yake.

Jumapili mume wangu alioga kwa bibi, akarudi akaoga tena nyumbani. Alikata kucha mpaka kwenye nyama. Nilimketisha kwenye kiti cha sebuleni nikamwekea mtoto mapajani, nikairekebisha mikono yake mmoja mmoja, maana alikuwa ameikaza kama anabeba sahani ya supu.

Mtoto alimtazama. Akanitazama mimi. Mdomo wa chini ukatetemeka, akaachia kilio ambacho wenye nyumba walikisikia na redio yao. Alijipinda, akanyoosha mikono kwangu. Alimwona baba yake kwa mara ya kwanza kutoka karibu na hakumtaka.

"Umubebe," mume wangu akasema. "Hanijue."

Maziwa yalikuwa yananitoka kwa kile kilio, blauzi imelowa. Kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinasema mchukue. Lakini nilijua nikimchukua sasa, tutabaki hivi: mimi na mtoto chumbani, yeye mlangoni, wote watatu tukiwa na sababu nzuri.

"Hakujue," nikasema. "Ukae naye, akujue."

Nikatoka nje, nikaketi kwenye kizingiti. Nilimsikia mtoto analia. Nilimsikia yeye anajaribu wimbo wa kwao, anasahau maneno, anaanza tena. Niliuma kitenge. Mwenye nyumba alitoa kichwa dirishani akaniangalia kwa jicho la kusema mama gani huyu, nikamwangalia mpaka akakirudisha. Kisha kilio kikakatika ghafla, kama bomba likikatwa maji.

Ukimya ule sikuupenda. Nikainuka, nikasogeza pazia kidogo.

Mtoto alikuwa ameshika kidole cha shahada cha baba yake kwa mikono miwili na kukiingiza mdomoni mpaka kwenye kiungo cha pili. Anakinyonya, macho yamemkazia. Mume wangu hakuthubutu kukichomoa. Jasho lilikuwa linamshuka usoni. Aliponiona alikuwa na sura ya mwanaume aliyefumaniwa, ile ile niliyoitafuta miezi mitano.

"Amekamata kidole," akanong'ona.

"Ulinawa mikono?"

"Mara tatu."

"Na chini ya kucha?"

"Na chini ya kucha."

Nilisimama pale na pazia mkononi. Nilitaka kumpokonya mtoto, nikimbie naye Kamina kwa miguu. Mtoto akafumba macho, akaendelea kunyonya.

"Basi umuache," nikasema.

Nikarudi kuketi kwenye kizingiti. Sikumwamini kabisa, lakini niliketi.